Tangi Limezidi Stendi

Muthangari,
Nairobi.
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Kiragu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Hamjambo huko Doha, wewe na Waringa? Joto halijawamaliza? Na mtoto ameanza kutembea ama bado anashikilia viti? Mimi magoti yananisumbua kwa hii baridi ya Juni, lakini cherehani bado naikanyaga. Baba yako naye yuko salama. Nasema yuko salama leo, saa hii ninapoandika.

Usishtuke. Mimi ndiye nimeshtuka, tena nimeshtuka vibaya. Jana nilishona mkono wa sare ya kwaya nje ndani, jambo ambalo sijafanya tangu nikiwa mwanafunzi.

Uliona nikikupigia Jumatatu mara tatu. Kila niliposikia sauti yako niliishia kukuuliza habari za mvua. Mvua, huko jangwani! Kwa hivyo naandika, na Nashon, yule kijana wa jirani, atakupa barua mkononi maana anarudi kazini huko Ijumaa.

Ni ile stendi ya tangi la maji uliyomchorea baba yako pale nyumbani kwake Satellite. Ulipotuma ramani kwa simu mwezi wa Aprili, niliipeleka kwa Jackie, yule msichana mwenye duka la kuprinti Westlands, nyuma ya maofisi. Ikatokea kwa kompyuta yake. Akaniambia wewe umeichorea karatasi ya A3, na yeye siku hiyo amebaki na A4 tu, ambayo ni nusu yake, kwa hivyo ikitoka ilivyo itakatwa pembeni. Na unajua pembeni palikuwa na nini? Jina lako. Kiragu Njuguna, mchoraji, ndani ya kisanduku chake. Nikasema jina la mtoto wetu halikatwi. Akaniuliza, "Basi mathe, niipunguze ndio yote iingie?" Nikamwambia punguza. Nilifurahi hata nikaibusu ile karatasi mbele ya wateja.

Mimi, fundi wa nguo! Miaka thelathini na moja nakata pateni, zile karatasi za vipimo vya nguo. Mtu angenipunguzia pateni ya mgongo ningemfukuza dukani na mkasi mkononi. Lakini hii yako niliiona kama picha ya kutundika ukutani, Mungu anisamehe.

Fundi Mutiso, aliyeijenga stendi, alipoipokea, zile tarakimu zako zilikuwa zimekuwa ndogo hata miwani haikumsaidia. Kilichosomeka ni jina lako na ile 1:50 uliyoiandika kubwa kando yake. Akatoa rula yake ya chuma, na kila alichopima akazidisha mara hamsini, kama alivyofanya maisha yake yote. Aliniuliza mara moja tu, "Mama, hii ndiyo karatasi yenyewe?" Nikamjibu kwa ukali kwamba ndiyo yenyewe, kwani yeye anafikiri imetoka wapi? Hilo swali lake linanirudia hata nikiwa napika.

Stendi ikaisha mwezi wa Mei. Ilikuwa nyembamba na nadhifu, tukaisifu sana. Jumamosi iliyopita tangi likaletwa, la lita elfu tano, likapandishwa. Jumapili baada ya kanisa nikapitia huko kumsalimia baba yako, nikaangalia juu, nikaona kitako cha tangi kimetokeza nje ya slabu, ile sakafu ya zege juu ya nguzo, vidole vinne huku na vidole vinne kule. Mutiso alicheka, eti siku hizi wenye viwanda wamekuwa wakarimu. Mimi sikucheka. Nimeona nguo zikikataa watu, na kila mara kuna mahali pamepimwa vibaya.

Jumatatu nikarudi na tepu yangu ya kushonea. Nguzo ni sentimita ishirini na moja. Nikafungua ramani kwa simu, nikaivuta mpaka tarakimu zikaonekana, na wewe umeandika thelathini. Nikapima nguzo zote nne, moja baada ya nyingine. Slabu umesema kumi na tano, nikapata kumi na nusu. Vyuma vya ndani sijui aliweka vya namna gani, na sithubutu kufikiria.

Na tangi lilikuwa limejaa. Baba yako alifungulia maji ya kanjo, yale ya mgao wa jiji, asubuhi hiyo hiyo, likajaa pomoni. Tani tano, Kiragu! Na hapo chini ndipo alipoweka kiti chake, maana tangu ule ugonjwa umlegeze mguu hukaa kwenye kivuli hicho kutwa nzima na redio yake. Nikamwona hapo, nikamuaga, nikaenda zangu. Nilijiambia labda nimekosea kusoma. Hilo linaniogopesha kuliko nguzo zenyewe, kwamba niliweza kunyamaza na kumwacha ndugu yangu mahali pale.

Jana nikamkimbilia Jackie. Akaniprintia ramani upya kwenye A3, bila kuipunguza hata kidogo, akaweka rula juu yake. Nguzo milimita sita, mara hamsini ni sentimita thelathini. Akaweka rula kwenye ile iliyopunguzwa, niliyoiomba kwa Mutiso. Milimita nne na kidogo. Akashika mdomo, nami nikaondoka nikiacha mwavuli wangu kwake.

Satellite nilimkuta baba yako pale pale kwenye kiti. Nikafungulia mfereji wa chini maji yote yatoke. Nilimdanganya kwamba tangi jipya lazima lioshwe. Majirani wakaja na mitungi wakishangilia, na baba yako akakasirika hata akazima redio. Miaka mitatu amekuwa akiletewa maji na mkokoteni, halafu anaona dada yake akiyamwaga!

Kesho Alhamisi maji ya kanjo yanarudi, na atajaza tena. Kwa hivyo nikimaliza barua hii naenda kumwambia kila kitu, na kiti nitakihamisha hata kama amekikalia. Naogopa uso wake. Naogopa na jibu lako. Lakini usiku wa kuamkia leo nimewaza, ile stendi ingeanguka, watu wangeokota karatasi kutafuta wa kulaumiwa, na wangesoma jina moja tu. Nililihifadhi vizuri sana, halikukosa hata herufi.

Niambie tubomoe ama nguzo zinaweza kuongezwa unene. Usinionee huruma, niambie ilivyo. Nimekuwekea humu karatasi yenyewe ya Mutiso uipime kwa rula yako. Sikutaka kuipiga picha, maana simu nayo hupunguza.

Msalimie Waringa sana, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mutiso anawasalimu, bado hajui. Mungu awafunike huko mliko, na awafunike wanaokaa chini ya kazi za mikono yetu.

Ni mimi ninayekupenda, na ninayeogopa,
Tata Mwihaki

N.B. Angalia kwenye kona ya karatasi ya Mutiso. Chini ya jina lako nimeandika kwa kalamu: "Kiragu alichora sawa. Aliyepunguza ni Mwihaki." Nakala nyingine kama hiyo nampelekea baba yako sasa hivi.