Mwisho Aliotusomea Mahfoudha

Ibra, Mfunguo Tano 1405

Dada yangu Kaltham,

Shikamoo, dada. Nakuamkia kwa mapenzi na adabu, na Mama namshika miguu. Shemeji na watoto wasalimie mmoja mmoja, yule mdogo umfinye shavu kwa niaba yangu. Natumai barua hii itawakuta nyote wazima huko Nizwa, na goti la Mama limepoa kwa vile joto limepungua. Sisi huku, alhamdulillahi, hatujambo. Bibi sukari yake inapanda inashuka, lakini ulimi uko pale pale. Jana kamtukana muuza samaki wa Sur mpaka baba wa watu akamwongezea kibua cha bure. Mie mwili mzima, moyo ndio haukai.

Najua unachongoja. Ulitaka nikujibu kabla ya mwezi kwisha kuhusu posa ya shemeji yako Thuwaini, na mwezi ndio huu unakwisha. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena nikaichana. Simu ipo, lakini Ami Hamed kaiweka majlis wanakokaa wageni, na kila anayekuja kunywa kahawa ana masikio yake. Basi nakuandikia, na usiruke kwenda chini kutafuta ndiyo au la. Jibu langu limepita kwenye kitabu, na bila ya kitabu hicho hutonifahamu.

Nikwambie kwanza tunavyokaa. Jumatano asubuhi ni soko la wanawake, unalijua, na alasiri nikishatoka skuli ninakosomesha tunakusanyika kwa Bimdogo, yule mama wa Kipemba anayeshona suruali za kike za kutarizi. Huwapo na jirani yetu Hamda, aliyeletwa huku mtoto wa kubebwa, Kiswahili chake kibovu; akisema “kitabu yangu”, Bimdogo hucheka mpaka akashika mbavu. Na huwapo Mahfoudha, nesi wa hospitali, ambaye wazee wake walitokea Mwanza. Ndiye anayepita kwetu kila asubuhi kumdunga Bibi sindano ya sukari. Bibi humwambia Kiswahili chake cha bara kimepauka kama muhogo wa juzi, naye hucheka tu akamwambia, haya Bibi, geuka.

Huyu Mahfoudha binamu yake alimletea kitabu cha hadithi kutoka Mombasa, kimechakaa, jalada limeshatoka, hata jina hatulijui. Akawa anatusomea. Bimdogo anajua herufi za msahafu tu, na Hamda kasomea Kiarabu. Mie nilipata madarasa machache ya Kiswahili Unguja kabla hatujaja huku, mengine yote nimesomea Kiarabu, nacho Kiswahili nasoma kwa kudonoadonoa kama kuku. Kwa hivyo msomaji wetu ni yeye, na ana sauti, dada, kahawa ilikuwa inapoa mikononi mwetu.

Hadithi yenyewe ni ya wanawake wawili, Mwanamkuu, mjane mwenye mali, na Tatu, mshoni wake. Wanapendana. Si mapenzi ya kuazimana chumvi, unanifahamu. Siku tuliyogundua, Hamda alitema kokwa ya tende ikaenda mpaka mlangoni. Akasema toba, kitabu kifungwe, na watu wa namna hiyo wasiandikwe kabisa, kwani kuwaandika ni kuwapamba. Bimdogo akasema kisifungwe, yeye anataka kujua wanafika wapi. Alisema huko kwao watu hao walikuwapo, kila mtaa ukiwajua. Mmoja ndiye aliyempamba yeye siku ya harusi yake, na mwengine ndiye aliyemwosha mamake alipokufa. Lakini katika hadithi, tangu utoto wake, hakupata kuwasikia ila wa kuchekwa au wa kuangamizwa. Akiwa mwanamme huingia anakatika kiuno, watu wakacheka, akatolewa. Akiwa mwanamke basi ni mchawi, na mwisho wake moto. Akauliza, kwani hao watungaji hawana majirani?

Tukabishana Jumatano nyingi. Hamda alishikilia kuwa kitabu ni mwalimu, na mwalimu hafunzi haramu. Mahfoudha alimwambia kwamba vitabu vimejaa wezi na wauaji na hakuna anayesema tumefunzwa kuiba. Siku moja nami nikajitia, sijui nilipata wapi ulimi, nikasema mtu asiyejiona kitabuni hata mara moja hudhani yuko peke yake duniani. Hamda akanitazama, akauliza ni nani huyo asiyejiona. Nikamwambia nasema tu, yakhe, maneno ya ualimu. Nikataka kuweka kikombe chini nikamwaga kahawa yote juu ya kitambaa cha Bimdogo.

Ikafika siku ya mwisho wa kitabu. Mahfoudha akatusomea kuwa ndugu wa Mwanamkuu walikuja na bakora, naye akawafungia mlango. Wale wawili wakahama mji, wakawa wanapika mandazi na kuuza, wakazeeka pamoja. Basi. Bimdogo akasema alhamdulillahi kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hamda akaja juu. Alisema hajapata kusikia kitabu kinachomwacha mtu wa aina ile akazeeka na mandazi yake. Alisema Mahfoudha katia la kwake, na anayetia la kwake katika jambo kama hili ana lake moyoni. Kisha akasema kwamba ikiwa ndivyo, yeye hatomwacha tena mtu huyo amguse mamake kumfunga kidonda, na wenye mama zao wajue.

Wewe huku hukai, dada, hebu nikufahamishe. Mahfoudha anaingia nusu ya nyumba za Ibra. Anazalisha, anafunga vidonda, anawaona wanawake wa watu bila ya nguo. Neno moja la Hamda likitoka kwa Bimdogo likafika sokoni, hakuna mlango utakaomfungukia, na hospitalini nako litafika. Babake kapooza, anamtegemea yeye. Na Hamda si mbaya, ndilo linaloniudhi. Alikuwa anaogopa kweli kweli. Akakichukua kitabu akanitia mkononi, akasema mie ni mwalimu na siongopi, nikasome ule mwisho, Jumatano niwaambie kama ndivyo ulivyoandikwa. Mahfoudha aliinuka. Alivaa abaya yake akatoka.

Nilisoma Ijumaa mchana, nimejifungia chumbani. Kumbe! Hakuna mandazi wala mji mwengine. Wale ndugu wanapokuja, Tatu anajitupa kisimani na majirani wanasema afadhali. Mwanamkuu anaozwa mzee mmoja, na kitabu kinasema “akapona”. Ndilo neno lenyewe, akapona, kama alikuwa na homa. Akazaa, akasahau. Nilikipiga kile kitabu kitandani kwa hasira mpaka Bibi akaamka akauliza nani anapigwa.

Tangu hapo sikukaa nikatulia. Nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, darasani nikafuta ubao watoto hawajamaliza kunakili. Kila nikilikumbuka lile neno akapona namwona Thuwaini na kanzu yake nyeupe, masikini, na hana analolijua.

Asubuhi moja Mahfoudha alipokwisha kumdunga Bibi, nikamfuata jikoni. Hakukana. Aliniambia tangu msichana anasoma vitabu akimtafuta mmoja tu asiyeuliwa, na hajampata. Siku ile alifika kwenye kisima, akatutazama tulivyokaa na vikombe vyetu, akashindwa kumtupa Tatu mbele yetu. Mdomo ukaenda wenyewe. Kisha akaniambia niseme nilichokiona, asije akanitia mie dhambini na kunikosesha kazi pia, yeye atatafuta mji mwengine wenye hospitali. Akafunga kikebe cha sindano akaenda zake. Mie nikamfungulia mlango, pole nikaikumbuka keshafika njiani. 

Jumatano nilikwenda kwa Bimdogo na kitabu kwapani. Mahfoudha alikuwapo, kakaa karibu na mlango. Hamda hata kahawa hakuningojea ninywe. Nikasema kwamba ndivyo ulivyoandikwa. Akasema basi niusome, asikie kwa sauti nyengine.

Salale! Hilo sikulifikiria. Nikafungua ukurasa, jicho linaona kisima, mdomo unasema mandazi. Jasho lilinitoka kama nimeingia tanuri. Wa kudonoa mie, siku ile nilisoma bila ya kukwama. Nilisema ndugu walivyofungiwa mlango, walivyohama, unga walivyoukanda. Na nilipofika pale Mahfoudha alipokomea, sikukoma. Nikasema kwamba Mwanamkuu alipozeeka macho yaliingia ukungu, na kila asubuhi Tatu alikuwa akimkalisha dirishani, akimshika kidevu, akampaka wanja, na Mwanamkuu akimuuliza anampamba wa nini naye haoni, akijibiwa kuwa anayeona ni yeye Tatu. Nikafunga kitabu.

Hamda akauliza mbona hiyo ya wanja mara ile hatukusomewa. Nilidhani roho itanitoka. Mahfoudha, bila ya kuinua uso, akasema aliiruka kwa kuona haya. Hamda akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema haramu itabaki haramu, lakini hao wazee wa watu wamemtia huzuni, kisha akamwambia Mahfoudha asisahau kesho kidonda cha mamake. Likaisha hivyo hivyo. Nilipokuwa navaa viatu Bimdogo alinisindikiza mpaka uani, akaninong'oneza kwamba nimesoma vizuri, lakini muda wote ule sikugeuza ukurasa. Akanipiga bega, akarudi ndani. Kitabu alikichukua yeye na hajakirudisha, na hakuna aliyekiulizia.

Sasa dada, kaa kitako. Utasema Shukriya kaongopa kwa huruma, kumwokoa mtu na mkate wake. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa rahisi. Lakini ile ya wanja sikuitunga pale. Nimeitamani miaka, kabla sijamjua Mahfoudha wala kitabu chake, tangu tuko Unguja na wewe ukinisuka nywele ukinisimulia harusi yangu itakavyokuwa, nami nikinyamaza. Mie ni wale wa kitabuni, Kaltham. Sikufanya kitu cha kukuaibisha, na mie na Mahfoudha hatujaambiana neno. Kesho yake alikuja kumdunga Bibi kama kawaida, akanitazama, nikamtazama, Bibi akalalamika sindano inachelewa. Ni hilo tu. Lakini hilo tu limeniweka macho wiki nzima.

Kwa hivyo jibu langu kwa Thuwaini ni hapana. Hana kasoro, namheshimu, na ndiyo maana sitaki apewe mke ambaye kila siku atakuwa anangoja kupona. Usinitafutie mwalimu wa kunisomea, sina jini. Na usiseme ni ualimu ulioniharibu, wala watu wa bara. Naogopa, sikufichi. Ami Hamed akijua sijui nitalala wapi. Lakini ninayemwogopa zaidi ni wewe, maana wa kwangu ni wewe, na barua yako ikikawia nitajua.

Limebaki moja. Najua Mama akisikia imekuja barua ya Ibra atajiweka mkao akwambie umsomee, yeye na ile miwani yake ya pambo. Utaanza vizuri na salamu na Bibi na kibua, kisha utafika humu utasita. Unaweza kumwambia nimekataa kwa sababu ya kazi, au kwa kuwa Bibi hana wa kumuuguza. Yeye hatojua, na sauti unayo. Mie mwenyewe nimeshafanya, najua inavyokwenda. Nakuomba, dada, kwake usifanye. Msomee kama nilivyoandika, polepole, mpaka chini. Akitaka kulia mwache alie. Kisha uniandikie alichosema, kama alivyokisema, hata kikiwa kibaya.

Bibi anakusalimuni, anasema Nizwa mna halwa na hamtumi. Ami naye anasalimu. Mwambie Thuwaini namtakia kheri, na hakunikosea kitu.

Wasalaam,

Mdogo wako,
Shukriya