Diski ya Sita

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, zikukute mzima pamoja na wifi na wale watundu wenu. Natumaini kikohozi cha wifi kimekwisha. Mimi sijambo, ila macho yananiwasha kwa kukosa usingizi. Kuhusu Baba, nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha upasuaji. Kaa kitako kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Uliuliza kama lile kasha la muziki ulilomtumia Baba lilifika. Lilifika. Baba alilifungua palepale karakanani, misumari ya makochi ikiwa bado mdomoni, akacheka mpaka nikaogopa asije akaimeza. Alisema mtoto wake bahili ameokota kitu cha bei ya kutupa: albamu zote sita za bendi yake ya roki ya ujanani, zimebanwa kwenye vibahasha vya karatasi, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Lakini siku nzima hakuliweka mbali naye. Si unakumbuka, miaka yote hiyo alizijua mbili tu, zile za kwenye kanda, ambazo wewe ulikuwa ukizipigia ngoma juu ya makochi ya wateja mpaka anakufukuza.

Usichojua ni kwamba wiki ileile daktari alimwambia ana uvimbe nyuma ya sikio la kulia, unaelekea kwenye ubongo. Ukiachwa, utamuua. Ukitolewa, sikio litakwenda nao, na la kushoto lilikufa tangu utoto wake. Alinikataza kukuambia, eti ungeacha kazi bure. Nilikasirika, lakini nikatii.

Akatoa sharti. Angekubali kupasuliwa akishazisikiliza zote sita kwa mpangilio, albamu moja kila jioni baada ya kazi, bila kuruka wimbo na bila mtu kukohoa. Daktari akasema wiki moja haina neno, ila isizidi.

Ya kwanza ilikuwa makelele matupu, magita yanapiga yowe, na Baba kabandika sikio kwenye spika anacheka peke yake. Ya pili aliijua hadi mwimbaji anapovuta pumzi. Ya tatu ikamuudhi. Alisema jamaa wamepata hela, wamevimba vichwa, wanajaza vinanda mahali pa gita. Ya nne ndiyo iliyotukwamisha. Mna wimbo mmoja mrefu, gita linaingia taratibu, ngoma imekaa kimya, unaingoja, unaingoja, haiji. Ilipokuja, Baba alikuwa analia. Kesho yake akairudia albamu ile, na kesho kutwa pia. Nikimkumbusha daktari, anasema hajaielewa vizuri. Kaka, mzee alikuwa anajivutia muda! Anayumba akiinuka, nyundo inakosa msumari, lakini ukigusia hospitali anakuwa mbogo.

Siku aliyomaliza ya tano, alianguka karakanani. Nilimwinua mwenyewe, mzito, jasho linamtoka, na bado ananiambia imebaki moja tu, nisiwe na haraka. Nikasema moyoni, hiyo moja ataisikiliza mpaka tumzike. Alipokwenda kuoga, nikaichomoa diski ya sita nikaizamisha kwenye gunia la sufi ya kujazia mito. Aliporudi nikamwonyesha kibahasha kitupu, nikamwambia kwa macho makavu kwamba vitu rahisi ndivyo vilivyo, wamesahau kuiweka, kwa hiyo tumemaliza. Alilitazama kasha, akanitazama mimi. Kisha akasema haya, kesho mimi nikitoka sokoni na yeye karakanani twende hospitali, nimtafutie shati safi.

Yuko ndani tangu mchana, kaka, na jambo moja linanisumbua. Baba yetu alikuwa na muziki wa mwisho wa kuusikia duniani, na mimi nimemnyima. Asipotoka mzima nitamwambia nani samahani? Ngoja, muuguzi ananiita.

Kaka, katoka! Yuko hai! Uvimbe wote umeondolewa. Kichwa kizima bandeji, na hasikii kitu, hata mlango ukibamizwa. Aliponiona alifungua mdomo, na kwa vile hasikii tena sauti yake mwenyewe, alipaza sauti wodi nzima ikashtuka, mgonjwa wa jirani akamwaga chai. Aliniuliza kama ile diski bado imo kwenye gunia la sufi. Nilitamani ardhi inimeze! Kumbe aliikuta asubuhi alipokuwa anajaza mto wa mteja, mimi nikiwa sokoni. Nafasi ya kuisikiliza alikuwa nayo. Aliifuta vumbi, akairudisha gunini. Alisema, kwa sauti ileile ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, kwamba aliogopa akizimaliza zote atakosa sababu ya kuamka.

Basi omba ruhusa kazini uje, maana anakutaka wewe. Mimi amenikataa, eti sina mdundo hata wa kutwangia. Uisikilize ya sita yote, bila kuruka wimbo, kisha umpigie mgongoni kwa viganja, kama ulivyokuwa unapigia makochi yake. Anaahidi safari hii hatakufukuza.

Nisalimie wifi, na watundu uwabusu kwa niaba yangu. Baba naye anakusalimu, wodi nzima imemsikia. Gunia sitaligusa mpaka ufike.

Ni mimi dada yako,
Chiriku