Herufi za Seng'enge

Kabiro, Jumapili

Ndugu yangu Omolo,

Niaje huko Doha? Namba yako haiingii tena, ndiyo maana nimempa Marion, jirani yetu, barua hii, kwa sababu anarudi kazini huko.

Mimi bado nachora mabango. Siku hizi kila mtu anataka zile herufi nyeusi za kizamani, nene, zenye ncha kali kila kona. Vinyozi wanazitaka, matatu pia, hata kanisa moja la mtaa wa Soweto West. Nazichora kwa mkono, na brashi bapa. Mama alikuwa akizicheka: "Oluoch, hii ni seng'enge. Mtu ataingilia wapi asome?"

Nyumba imenyamaza sana. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Tulimzika Mama mwezi wa nne, nyumbani, kando ya Baba. Nilikupigia mpaka nikachoka. Watu walitaka msalaba wake uwe na hizo herufi zangu za sifa. Nilikataa. Jina lake nimeliandika kwa herufi za kawaida, kubwa, ili siku ukija ulisome ukiwa kwa geti, usilazimike kuuliza mtu Mama yuko wapi.

Ni mimi niliyebaki,
Oluoch