Koti la Marehemu Sulaiman

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Deira, Dubai. Tarehe 14 Novemba 2006, saa nne asubuhi.
Jina: Rumaisa binti Aidarus. Umri: miaka 62. Kazi: mama wa nyumbani. Makazi: Al Baraha, ghorofa ya pili.

Nasema kwa Kiswahili na mkalimani anaandika. Andika vizuri, mwanangu. Mume wangu Sulaiman alifariki tarehe 2 Oktoba, na mie nimekaa eda, sijatia mguu nje tangu siku hiyo. Leo nimetoka kwa kuwa Fanuel, mlinzi wa jengo letu, amelala mahabusu kwa kitu nilichompa kwa mkono wangu.

Kitu chenyewe ni koti la buluu lenye mistari myeupe, la klabu ya kriketi ya chuo kikuu alichosoma mume wangu Uingereza. Mnamo mwaka 1961 klabu ile ilizuru Nairobi na Mombasa, ikamalizia kwetu Unguja. Ndiko nilikomwona amelivaa, akanipendeza. Mwanangu Hashir amekulia kwenye hadithi za babake alivyopiga mipira ziara ile. Hakupiga hata mmoja. Alikuwa mchezaji wa akiba, akiwapelekea wenziwe maji. Unguja aliahidiwa kucheza mbele ya wazee wake, mvua ikanyesha kutwa. Hayo tukiyajua mie na Fanuel tu, aliyeambiwa na mume wangu mwenyewe.

Mnamo mwezi Agosti mume wangu hakuweza tena kushuka ngazi. Siku moja Fanuel alimaliza zamu akapanda na chungwa. Akamvisha koti, akampa mkongojo wake, akenda mwisho wa ujia akamrushia. Mzee akalipiga, likapasukia mlango wa jirani. Fanuel akasema, kama mpira uliofika mpakani mwa uwanja, "Nne hizo, mzee." Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Maisha yangu yote naye sijapata kumwona vile. Mlango niliufuta mie.

Alipokufa nikatoa nguo zake sadaka, kama ada yetu, na koti nikampa Fanuel. Hashir sikumwambia, maana ningemwambia ya koti ningemwambia na ya maji. Jana Hashir akamkuta amelivaa, anangoja basi la kampuni la kwenda makazi ya wafanyakazi Muhaisnah, akadhani kaliiba, akamwitia polisi. Fanuel kasema kapewa, lakini kakataa kunitaja, eti asinitoe edani. Na akihukumiwa atarudishwa kwao Kenya, maskini wa Mungu.

Hashir, najua utasomewa haya. Babako alitaka umwone mkubwa, basi. Mie nilimpenda na ndoo yake ya maji mkononi.

Nimesomewa, ndivyo nilivyosema. Khalas.
Sahihi: Rumaisa

Maelezo ya afisa: Mlalamikaji, mwana wa shahidi, alisomewa, akafuta malalamiko. Aliomba amkabidhi mlinzi koti yeye mwenyewe. Mlinzi alilikunja mkononi, akasita kulivaa mbele ya mjane. Mjane akamwambia, "Livae, mwanangu. Humu ndani baridi." Wametoka wote watatu saa sita na robo. Mlalamikaji alikuwa akimwuliza mlinzi lile chungwa lilipigwaje.