Simba Si Mvivu

Kerubo, nani alikudanganya kwamba dawa ya magoti ya watu ni ya mbwa? Daktari wa mifugo ameziona tembe ulizotuma, akasema zingemuua Simba. Nilikupa jina la mama yangu, na mama yangu hakuwa mjinga.

Haya, hujambo. Huku Manga tuko wazima, mimi na Simba, basi. Majani chai tunachuma.

Umeuliza kama kuchechemea kwa Simba asubuhi ni uvivu. Nikiwa msichana nilimchapa mbwa wetu kwa kubaki nyuma njiani kwenda mtoni. Mama akaninyang'anya fimbo, akanishikisha goti la yule mbwa. Lilikuwa moto, limevimba.

"Huyu hana mdomo wa kukuambia," akasema. "Anapunguza mwendo tu."

Kwa hivyo Simba namlaza juu ya gunia kavu, namngoja apate jua, ndipo tunaenda shambani polepole. Jirani akiuliza mbona tumechelewa, nasema ni goti la Simba. Langu silitaji.

Nawe simu zako zimepunguza mwendo tangu Pasaka. Wewe una mdomo. Usitume tembe tena. Njoo nyumbani mwezi huu, uniambie kinachokuuma.

Nyanya yako