Chumba cha Hoteli ya Kilimani

Chicago, 6 Juni 1965

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa.

Binamu Roscoe amenipigia simu. Eti umefunga kambi yetu ya wageni, na amekuona ukitoka asubuhi na begi kwenye hoteli ya kilimani. Hoteli ileile! Nimemwambia ana wazimu. Baba, si ndio waliomfukuza Mama na uchungu wa kuzaa, mvua ikinyesha, kisa ni mweusi, nikazaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari? Si ndiyo sababu mkajenga vibanda vile, ili msafiri mweusi asilale tena garini? Tafadhali niambie Roscoe ni mwongo.

Binti yako,
Verlene

Missouri, 14 Juni 1965

Mwanangu Verlene,

Nimepata barua yako. Goti linauma kama kawaida, mengine salama. Roscoe ana mdomo, lakini safari hii hakudanganya.

Tangu sheria ya mwaka jana itufungulie milango ya hoteli za wazungu, magari yanatupita tu. Mimi bado nilikuwa nakaanga kuku kila alfajiri, nawafungia wageni kwenye maboksi ya viatu, maana njiani nani angewauzia chakula? Mwezi jana ikasimama familia kutoka Memphis, watu wetu. Nikakimbilia kufungua kibanda. Yule bwana akashusha kioo.

"Samahani mzee, hoteli iko wapi? Watoto wanataka bwawa la kuogelea."

Nikamwelekeza, nikampa na boksi la kuku.

"Asante mzee, tutakula hukohuko mgahawani."

Basi nikafunga. Ndicho tulichokuwa tukikiomba kanisani, watu wetu walale watakapo. Sikujua kikija kitaniuma hivi.

Nikavaa suti ya Jumapili, nikapanda kilimani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Msichana wa mapokezi hata hakuinua macho. Akanisukumia ufunguo huku anatafuna jojo: "Cha mwisho kulia, babu."

Verlene, nikafungua mlango, nikatazama kila kona. Miaka yote nilidhani wametuficha kitu kikubwa humo ndani. Ni kitanda, mwanangu. Kitanda na taulo, na godoro letu ni zuri zaidi. Nikakaa hapo na kofia yangu kichwani, nikalia kwa sauti. Yaani hiki ndicho walichomnyima mama yako?

Baba yako,
Cleophus