Redio Uliyomtumia Mama

Mwazye, Kalambo
Mwezi wa saba

Mdogo wangu mpendwa Ignasi,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta mzima, una nguvu za kazi, na kwamba hilo jua la Norwei lisilojua kuzama wakati wa kiangazi linakuacha upate usingizi. Sisi huku hatujambo kabisa. Baridi imekaza mwaka huu, asubuhi tunaota moto kwanza ndipo tushike jembe au mundu, lakini mahindi yote yako ndani, maharage tumeshapura, na ulezi tunaumalizia. Mama ni mzima. Anakula vizuri, anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na ubishi wake haujapungua. Shemeji yako Nestory anakusalimu sana, yuko kwenye mashine ya kusaga tangu asubuhi.

Barua hii anakuletea Lydia, mke wa Baltazari, ambaye hatimaye anamfuata mumewe huko. Najua utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati tunaongea kwa simu kila wiki. Ni agizo la Mama. Amesema habari hii usiisikie ukiwa umesimama kazini katikati ya kelele za mitambo, bali uisome umekaa. Basi kaa.

Nianze na redio, maana kila ukipiga simu unaiulizia, na Mama kila mara anakujibu kuwa inapendeza sana. Hajakudanganya. Inapendeza kweli. Ameiweka juu ya kabati, ameifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuonyeshwa. Ila, mdogo wangu, tangu Baltazari aitoe kwenye begi lake wakati wa Krismasi, redio hiyo haijawahi kutamka neno hata moja.

Siku ilipofika, jumuiya yetu nzima ilijaa uani. Baltazari alitueleza kwa kirefu kwamba kwenu redio zote kubwa zimeshahama kwenye FM, sasa ni digitali tupu, na sauti yake haina mikwaruzo. Tukaiwasha. Kioo kikawaka vizuri, kikaandika kwamba kinatafuta stesheni. Kikatafuta, kikatafuta, kisha kikaandika kwamba hakuna. Nestory akapanda juu ya bati na waya, akauzungusha kila upande, Zambia, Kongo, Sumbawanga, mpaka tukaogopa ataanguka. Kimya. Mama akawaambia wageni kwamba labda saa zile Ulaya wamelala, akawapa chai.

Unanijua mimi, sikai na kitu kisichofanya kazi. Nilipokwenda mjini kuuza maharage niliifunga kwenye kanga nikaipeleka kwa Fabiani, yule fundi wa simu jirani na stendi. Hakuifungua hata skrubu moja. Aliiwasha, akatabasamu, akaniambia, “Dada, redio hii ni nzima kuliko zote zilizomo humu dukani. Tatizo hakuna mnara huku unaorusha mawimbi yake. Aliyeinunua alidhani inanasa dunia nzima, kumbe inanasa palipo na mnara wake tu.”

Nilimuuliza sasa mtu afanyeje akitaka stesheni za nje. Akasema stesheni za nje siku hizi ziko kwenye simu, akaniwekea programu ya kusikilizia redio kwa mtandao, akaniuzia na spika ndogo isiyo na waya. Pale pale dukani tukasikiliza mtu anasoma habari kwa Kireno, sijui wa nchi gani, sauti safi kama yupo nyuma ya kaunta.

Kwa hiyo ule mjadala wetu wa kwenye simu, wewe ukisema digitali ndiyo redio ya kweli kwa sababu haihitaji bando wala haikatikikatiki, mimi nasema hivi: kwenu uko sahihi. Kwenu mmejengewa minara mpaka milimani. Hapa Mwazye redio ya nje ni mtandao, na sitabishana tena. Nakukubalia jambo moja tu, kwamba mtandao una maudhi yake. Ndani ya nyumba haushiki. Inabidi simu tuitundike kwenye msumari kule nyuma karibu na kihenge, halafu spika tuiweke dirishani kwa Mama. Mawingu yakitanda, kile kiduara kinazunguka weee mpaka unataka kulia. Na bando linayeyuka kama sukari kwenye uji.

Sasa tuje kwa Mama. Unakumbuka alivyokuomba redio? Alikuambia anataka redio yenye nguvu, inayovuka mpaka. Wewe ulielewa anataka stesheni za Ulaya, za misa na nyimbo. Hata mimi nilielewa hivyo. Kumbe mpaka alioutaja Mama ni huu wetu wa Kasesya. Alichokuwa anakitaka, alivyoniambia nilipomwonyesha ile spika, ni ile redio ndogo ya parokia ya upande wa Mbala, inayotangaza kwa Kimambwe. Zamani alikuwa anainasa kwa kubahatisha. Ndiyo maana kila Jumapili alasiri alikuwa anapanda kilimani na kale karedio ka betri, tukidhani anakwenda kusali rozari peke yake. Halafu huku kwetu ikafunguliwa stesheni mpya yenye nguvu, ikaimeza kabisa ile ya Mbala. Akavumilia, mwisho akakuomba wewe.

Nilipoipata ile stesheni kwenye simu, nilimwita Mama aje dirishani. Aliposikia Kimambwe cha kwao, hakuniambia asante. Alivuta kigoda akakaa, akaniashiria ninyamaze. Tangu siku hiyo Jumapili alasiri nyumba hii ina amri: hakuna kupiga mashine, hakuna kutwanga, hakuna mgeni. Kipindi chenyewe ni cha salamu na mazungumzo ya wakulima. Nilimwuliza mara nyingi anasubiri nini humo, akaniambia anasikiliza tu lugha yake.

Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa tumekaa, mimi napepeta maharage, Mama amefumba macho. Mtangazaji akasema leo ana mgeni studio, katibu wa kikundi cha akina mama wanaolima maharage, aje aeleze namna ya kuyatunza yasiliwe na wadudu. Yule mama akaanza kwa kujitambulisha, kama desturi ya kule. Akasema anaitwa Jenifa, binti wa marehemu Simukoko, amelelewa na bibi yake mzaa baba, na mama yake, Bertila, alifariki yeye akiwa bado anatambaa.

Ignasi, nilifikiri ni jina tu la kufanana na la Mama. Lakini nilipogeuka, Mama alikuwa ameshasimama. Akaishika ile spika kwa mikono miwili, akaiinamia, akasema kwa Kimambwe, taratibu, kama anayejibu mtu mlangoni, “Nipo. Mimi nipo hapa.”

Nikamwambia, “Mama, hiyo haisikii. Inasema tu.”

Akaniambia, “Basi fanya isikie.”

Hapo ndipo aliponieleza, kwa haraka haraka, amesimama, huku yule mama redioni anaendelea na habari za majivu na pilipili kavu. Kabla ya Baba alikuwa ameolewa kwao, upande ule. Mume akafa mapema. Ndugu wa mume wakasema mtoto ni wa ukoo wao, yeye arudi kwao mikono mitupu. Akaja huku Mwazye kwa mama yake mdogo, na hapo ndipo Baba alipomkuta. Alirudi kumtafuta mtoto zaidi ya mara moja, akaambiwa amepelekwa mbali kwenye migodi ya shaba na baba yake mdogo. Baba alijua yote. Yeye ndiye aliyemnunulia kale karedio, ili kama jina la mtoto litatajwa siku moja, Mama alisikie.

Sikuwa na muda wa kulia wala kuuliza. Nilikimbia kwenye msumari nikachomoa simu. Mtangazaji alikuwa ameshataja namba ya kutuma ujumbe wa sauti, nikaipata, nikampa Mama simu aongee. Aliongea kifupi. Alitaja jina lake, jina la baba yake, jina la kijiji, akataja alama ya kuungua aliyoipata mtoto mguuni kwa uji, halafu akasema, “Sikufa. Waliniambia umekwenda mbali.” Nikatuma. Na hapa, mdogo wangu, nataka ulipime hili kwa haki: redio yako ya digitali, hata ingenasa Mbala na mbingu zote, ingekuwa imetuachia nini mkononi zaidi ya sauti inayopita? Simu ile ile iliyotuletea maneno ndiyo iliyopeleka majibu.

Tukasubiri. Mtangazaji alikatiza mazungumzo, akasema kuna ujumbe umefika kutoka Tanzania, na kwamba mgeni wake ausikilize akiwa ameketi. Halafu tukasikia sauti ya Mama mwenyewe ikitoka dirishani, kutoka Mbala, inarudi nyumbani. Ilipokwisha, nikasikia mtu anavuta pumzi studio. Kisha kiduara kikaanza kuzunguka.

Nilipanda juu ya kihenge na simu mkononi, mimi na umri wangu huu. Nestory alitoka mbio akapanda kwenye mchongoma wa jirani na simu yake, akarudi mikono imechanika. Mtandao uliporudi, kwaya ilikuwa inaimba na kipindi kilikuwa kimekwisha. Hapo ulikuwa sahihi, nakupa ushindi wako. Mama hakulalamika. Alirudi kwenye kigoda akaendelea na maharage niliyoyaacha, akawa anachambua mazima na mabovu anayachanganya pamoja.

Simu ilipigwa siku ya pili yake. Namba ya Zambia. Nilidhani watalia wote wawili, lakini Jenifa alikuwa na sauti kavu. Neno lake la kwanza lilikuwa kumwuliza Mama kwa nini hakuja kumchukua. Mama hakujitetea. Alimwambia alikuja, akataja mlango aliobisha, jina la aliyefungua na alichojibiwa. Jenifa akasema aliyefungua mlango huo bado yuko hai na atakwenda kumwuliza. Akakata. Mama alikaa na simu mapajani, akaniambia, “Ni haki yake.”

Ilipita wiki nzima bila neno. Nilianza kumchukia mtu nisiyemjua kwa sababu Mama alikuwa hali chakula vizuri. Halafu alasiri moja bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka mwanamke mfupi mwenye koti la kijani, ameshika mfuko wa maharage mekundu. Alikuwa amevuka Kasesya asubuhi ile. Hakubisha hodi. Alisimama uani akaita mama kwa Kimambwe, “Mayo,” mara moja tu, na Mama akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Mengine siwezi kuyaandika. Nestory alizima mashine, na watu waliokuwa wanasubiri unga wakaondoka wenyewe bila kuambiwa.

Yule aliyemfungulia Mama mlango zamani zile, shangazi yake Jenifa, alikuwa amekiri kila kitu. Jenifa ametueleza bila hasira. Ana watoto wakubwa, ana mume mpole, na anacheka kama Mama, kwa kuziba mdomo na kiganja.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia hata Nestory. Siku aliyofika, nilimkaribisha vizuri, nikampa maji ya kuoga, nikampikia, lakini salamu yangu ilikuwa “karibu sana, pole na safari.” Nilijua Mama anasubiri neno jingine. Maisha yangu yote mimi ndiye mkubwa humu. Mimi ndiye niliyemzika Baba wewe ukiwa safarini, mimi ndiye ninayeamua ng'ombe yupi auzwe. Siku nzima ikapita sijalitamka. Asubuhi yake nilimkuta anafagia uwanja wetu, ameinama, na kwenye mguu kuna kovu la uji. Nikasimama mbele yake nikasema, “Shikamoo, dada.” Akanyanyuka na ufagio wake, akanitazama, akasema, “Marahaba, mdogo wangu.” Halafu akaniambia uwanja una kokoto nyingi, nitafute ufagio mgumu zaidi. Ameshaanza.

Yupo hapa bado, anakaa mpaka Mama atakapomruhusu. Mama anaogopa kidogo utalichukuliaje jambo hili, nami nimemwambia kwa uhakika kwamba nakujua. Kwa hiyo ukishamaliza kusoma, piga simu. Jumapili alasiri usipige, tunasikiliza Mbala. Siku nyingine yoyote, na simu atapokea Jenifa. Usimwulize habari za redio wala hali ya hewa. Mwamkie kwanza.

Msalimie Baltazari, umwambie kwamba Lydia tumemkabidhi kwake akiwa mzima. Nestory anakusalimu, wapwa zako wanakusalimu, Mama anakubariki na anauliza kama soksi alizokutumia zinatosha. Mungu akutunze.

Ni mimi dada yako, sasa wa pili,
Zita